Kiti Kilichotelemuka Kituku

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Na ninyi wa nyuma karibu na mulango, nawasalimia pia. Muchungaji aliniita mbele, nikamwambia hapana, papa, hapa kati kati panatosha, kwa sababu kule mbele kuna ngazi mbili na kiti hiki hakipandi ngazi. Nimekizima kwanza. Munaona taa? Haiwaki. Sasa mutu akija kunikumbatia, kitenge chake kikikamata hiki kijiti cha kuongozea, hatutaruka wote mpaka kwa wanakwaya. Musicheke! Ilisha kutokea.

Najua wengine wanangojea nisimame. Kila mara nikishika mikro, naona macho yanashuka kwenye miguu yangu. Ndugu zangu, leo sitasimama. Ushuhuda wangu si wa miguu. Ni wa mudomo.

Munanijua, mimi ni Mama Alisi, mutoto wa Masisi. Zamani nilikuwa naleta maharagwe hapa Goma. Siku moja Fuso tuliyopanda ilipinduka kabla ya kufika Sake, mimi nikiwa juu ya mifuko, na mugongo wangu ukavunjika. Miaka sita, ndugu zangu! Miaka sita nilitembea kwa mikono ndani ya parsele, huo uwanja wa nyumba yangu, nimefunga vipande vya tairi kwenye viganja ili mawe yasinichane. Mvua ikinyesha nilikuwa ninakula matope. Wageni walikuwa wanaongea na binti yangu Alisi juu ya kichwa changu, kama vile mimi ni mufuko uliowekwa chini.

Na katika miaka ile Mungu alinipa mutu. Jina lake Koko Vumiliya. Ni bibi wa Rutshuru, alikimbia vita, akafikia kambini Kanyaruchinya, chini ya bashi, turubai la wakimbizi, kama wengine. Nilimupa chumba kidogo nyuma ya nyumba yangu huku Katindo. Alisi akienda kazini, ni Koko aliyeniogesha. Ni Koko aliyenipikia. Ibada za Jumapili, ni yeye na Alisi walionibeba mpaka hapa. Bibi wa umri ule! Sijawahi kumusikia akilalamika.

Kisha santre moja ya walemavu ikanipa kiti hiki cha moteri. Haleluya! Fundi wao ni dada mumoja mufupi anaitwa Mapendo, ana sauti ya mwalimu. Alinifundisha siku mbili. Alinionyesha mukanda wa kiunoni, akasema niufunge hata kama naenda tu kwa jirani. Alinionyesha batri, akasema nisingojee ziishe ndipo nitafute kuran, umeme wa kuzijaza. Akainama nyuma, akanionyesha vyuma viwili vyekundu karibu na moteri. Akasema: "Mama, hivi vikiwa chini, moteri inashika magurudumu, na kiti hakiwezi kwenda bila wewe. Vikiwa juu, kiti kinakuwa kama toroli. Hakina freni. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Uongo! Nilikuwa najitazama kwenye kioo cha dirisha la santre. Mara ya kwanza katika miaka sita kichwa changu kilikuwa juu kama cha watu. Nilikuwa nawaza nguo gani nitavaa.

Sasa, ndugu zangu, sikilizeni siku yenyewe.

Kuran ilikuwa imekatika siku tatu katika kartie yetu ya Katindo. Batri ilibaki kidogo. Lakini mimi nilitaka kwenda Kituku, soko la ziwani, kununua samaki mwenyewe, nijichagulie, nibishane bei. Asubuhi nikamwambia Koko: "Inama nyuma, inua vile vyuma viwili vyekundu, unisukume kwenye haya mawe, tusimalize batri bure." Koko akainama, akafanya kama nilivyosema. Akanisukuma. Mawe ya volkano munayajua, yanarusha kiti kama maharagwe kwenye ungo. Tukafika kwenye lami, akaendelea kunisukuma mpaka jasho likamulowesha. Mukanda sikuufunga, kwa sababu ulikuwa unakunja robo yangu, gauni langu mupya.

Tukafika pale juu ambapo njia inatelemuka kwenda ziwani. Chini niliona mitumbwi, niliona wamama wa samaki na mabeseni yao. Nikasikia aibu. Sikutaka wanione nimesukumwa kama mutoto. Nikawasha kiti. Taa ikaanza kuwaka na kuzima, nyekundu, nyekundu. Nikafikiri ni batri. Na kiti kikaanza kwenda.

Mwanzo nilifurahi! Munaamini? Nilifikiri ni moteri. Kisha nikavuta kijiti nyuma kisimame. Hakikusimama. Nikavuta tena kwa mikono miwili. Hakuna! Magurudumu yalikuwa yanalia juu ya mawe, upepo ukachukua kitambaa changu cha kichwa, watu wakaanza kuruka pembeni. Mama mumoja alitupa beseni lake. Nilipiga kelele "Yesu!" na sauti haikutoka. Ndugu zangu, kuna woga ambao hauna hata sauti! Gurudumu la kushoto likapiga jiwe, kiti kikageuka, mimi nikaruka mbele kama mufuko wa makala ya kupikia. Uso ukaingia majini.

Maji yale hayafiki kwenye magoti ya mutu mukubwa. Lakini mutu mwenye mugongo uliovunjika hana magoti. Nilikuwa nimelala kifudifudi, muchanga kinywani, mikono inateleza. Nikajua nakufa. Nakufa penye maji ya kunawia miguu! Halafu mukono ukanishika nyuma ya shingo, ukanivuta. Sikuona ni wa nani. Nilifungua macho niko juu ya nyavu, natapika, na watu wamenizunguka kama mbu.

Wakauliza: "Nani alikuwa anakusukuma?"

Nikasema: "Koko. Koko ameniachia."

Basi. Maneno yale matatu tu. Na ilikuwa kweli, ndugu zangu, ilikuwa nusu ya kweli. Koko alikuwa amesimama pale na nguo zinachuruzika maji. Mutu akasema: "Ni huyu? Huyu wa kambini?" Mwingine akasema: "Kiti cha moteri hakiwezi kukataa hivi hivi. Amekifunga." Neno muchawi sikujua limetoka kinywa gani, lakini lilitoka, na likaenda haraka kuliko kiti changu. Jiwe likamupiga Koko kwenye bega. Yeye akanitazama mimi tu.

Akasema: "Mama Alisi, sema. Waambie."

Nikafunga macho.

Ooh, ndugu zangu! Nilifunga macho! Nilijiambia nina maumivu, nina baridi, nitasema kesho. Waliponifikisha nyumbani, vitu vyake vilikuwa vimeshatupwa inje: godoro, sufuria, Biblia. Alisi alilia, akajaribu kuzuia, majirani wakamusukuma. Koko alifunga vitu vyake na kitenge, akaondoka kwa miguu, kurudi Kanyaruchinya. Na mimi nililala. Nililala usingizi muzuri!

Wiki tatu kiti kilikaa nyuma ya nyumba chini ya bashi. Nilirudi kwenye vipande vya tairi. Watu walikuja kukiombea kiti, wakakiwekea mikono, wakakemea. Na mimi nilisema amina. Ilifika mahali mimi mwenyewe niliamini kabisa kwamba Koko amenifunga.

Siku moja fundi Mapendo akapiga hodi. Alikuja kuangalia batri, kama walivyozoea. Akanikuta chini. Hakuuliza maneno mengi. Akavuta bashi, akapiga magoti kwenye vumbi, akaingiza mukono nyuma ya kiti. Akapapasa. Kisha akaniita nisogee.

"Mama Alisi, angalia hapa. Vyuma viko juu."

"Viko juu namna gani?"

"Viko juu. Kiti hakina freni tangu siku ile. Nani aliviinua?"

Nikasema: "Ni Koko." Kwa haraka! Akanitazama.

"Koko anajuaje vyuma hivi? Mimi sikumufundisha Koko. Nilikufundisha wewe."

Ndugu zangu, nilisikia baridi kutoka kisogoni mpaka kiunoni, pale ambapo mwili wangu unaishia kusikia. Mapendo hakuwa amemaliza. Akauliza polepole: "Na pale juu ya mutelemuko, alikuachia tu, bila neno?"

Hapo Mungu akanifungua masikio. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, vizuri kama munavyonisikia sasa. "Koko, achia! Hapa nitatelemuka mwenyewe, moteri itanishika." Ni mimi! Ni mimi nilisema aniachie! Koko alikuwa ameniuliza mara mbili, "Kweli mama, niachie?" na mimi nilimukaripia, "Achia, nakuambia, watu wanatuona!"

Nililia mpaka Mapendo akaogopa. Hakukuwa na pepo katika kiti. Chuma kilikuwa juu kwa sababu nilisema kiinuliwe, na mwanamuke asiye na kosa alipigwa jiwe kwa sababu nilifunga macho.

Mapendo alikaa na mimi mpaka jioni. Alinyoosha gurudumu, akatoa muchanga kwa burashi, akafuta unga mweupe kwenye vichwa vya batri. Akanifundisha upya, na safari hii nilirudia kila neno. Sasa kabla sijaondoka namuita Alisi aangalie vyuma, halafu mimi mwenyewe najaribu kusukuma gurudumu kwa mukono: likienda, sitoki. Mukanda nafunga, hata robo ikikunjamana. Penye mutelemuko naenda polepole, na mutu mumoja ananitangulia chini kuangalia njia, hasimami mbele ya magurudumu. Maji ya kuosha simwagi kwenye kiti, nafuta na kitambaa. Na nikifika mahali, nazima. Wamama wenye wazazi walemavu, tafadhali, kamateni haya. Mimi niliyapuuza, na ninyi munaona yaliyotokea.

Kesho yake tulirudi Kituku, mimi na Alisi. Nilitaka kuwashukuru wanaume walionitoa majini. Nikamukuta yule mama aliyetupa beseni, anaitwa Mama Riziki. Nikamuuliza wako wapi.

Akasema: "Wanaume gani, mama? Wanaume walikuwa wanapiga kelele. Ni yule muzee mwanamuke. Alikuja anakimbia, anaanguka, anainuka, akaingia majini na viatu vyake. Ni yeye alikuvuta. Sisi tulifika nyuma."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamuomba arudie tena.

Ndugu zangu! Mukono ule nyuma ya shingo yangu ulikuwa mukono wa Koko! Maji yaliyokuwa yanachuruzika kwenye nguo zake yalikuwa maji aliyonitoa! Na mimi nilikuwa juu ya nyavu, napumua pumzi aliyonirudishia, na kwa pumzi ile ile nikasema ameniachia. Sijui kama kuna mutu hapa amewahi kujishangaa mwenyewe hivyo. Nilitazama ziwa, sikuona kitu.

Siku ile ile tukalipa gari, tukapanda Kanyaruchinya. Dereva alituacha barabarani. Kutoka pale mpaka kwenye mabashi ni mawe matupu, makali, yamesimama. Nilitaka kulazimisha, lakini nikakumbuka Mapendo alisema kiti kikiinama pembeni kinapinduka na mutu wake. Nikazima, nikashuka, nikaenda kwa mikono. Watu walitoka kwenye mabashi kutazama. Nilifika mikono inatoka damu.

Koko alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwambia yote, mbele ya majirani zake, kwa sauti: nani aliinua, nani alisema achia, nani alifunga macho. Hakunikatisha. Nilipomaliza, alichukua maji kwenye bidoni, yale machache ya kunywa, akaninawisha mikono.

Akasema: "Siku ile nilikungojea useme. Leo umesema. Nimekusamehe, mutoto wangu."

Nikamwambia: "Basi turudi nyumbani, Koko. Chumba chako kiko."

Akatingisha kichwa. "Wewe umesema. Wao bado. Siwezi kuteka maji kwenye robine moja na watu wanaoniita vile. Nitakaa hapa."

Nilirudi bila yeye. Hicho ndicho kinachonitesa, ndugu zangu. Mungu ameniokoa na maji, ameniokoa na uongo wangu, na Koko amenisamehe. Lakini neno lililotoka kinywani mwangu sasa linakaa vinywani mwa wengine, na mimi peke yangu siwezi kulirudisha.

Wengine wenu mulikuwa Kituku siku ile. Wengine mulikuwa kwenye parsele yangu wakati godoro linatupwa. Sitataja jina. Sina haki ya kutaja, kwa sababu ni mimi niliwapa lile neno. Nakuja tu kuwaambia: Mungu huyu si wa kuogopa. Mimi nilifikiri nikisema ukweli nitakufa kwa aibu. Sikufa! Niko hapa, nakula, nalala, na hata sauti yangu imerudi. Mutumaini tu. Atakushika.

Jumamosi saa mbili asubuhi gari litasimama hapa mbele ya kanisa. Mimi na Alisi tutapanda Kanyaruchinya, kumwambia Koko Vumiliya kwamba si muchawi, na kumuomba arudi. Muchungaji amesema atakuja. Nafasi ziko. Nani mwingine anakuja?

Inueni mikono, sitawaangalia kwa ubaya.

Naona mumoja. Asante, mama. Naona papa pale karibu na dirisha. Asante, papa. Naona wa tatu... Usilie, dada, inua tu. Ooh Mungu wangu, naona nyuma kabisa. Munajaza gari! Asante, Yesu. Asante. Asante.