Mlango Usiopitisha Jeneza

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, katika nyumba iliyo nyuma ya karakana ya baba, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Dada yake anayemfuata, ndiye anayesoma wasifu huu, alianza kuamrishwa naye kabla hajajua kutembea.

Alisoma shule ya mtaani, akafaulu, akapelekwa ng'ambo kusomea usanifu majengo. Alirudi mwaka 1984 na shahada, miwani mizito na dharau. Vigae vya sebuleni, ambavyo baba alivibandika kwa mikono yake, aliviita "uchafu wa macho."

Alisanifu makanisa manne na msikiti mmoja, yote ya zege tupu, yote yakapigwa picha za magazeti yakiwa hayana mtu ndani. Waumini walipolalamika kuwa jua linawachoma, aliwajibu kwamba wamedekezwa. Kanisa hili tulimo alilipenda kuliko wanawe. Mlango wake ni upana wa mtu mmoja, na ukiingia tu unakata kona, ili eti kila mtu amwendee Mungu peke yake. Usomi wote ule, akasahau kuwa wengine huingia wamebebwa.

Mwaka 1990 alifunga ndoa humu na wifi yangu, mwalimu mwenye subira ya ajabu. Bibi harusi aliingia ubavu ubavu, gauni amelikumbatia. Bwana harusi akasema, "Si mmeona? Anapita."

Baba alipofariki mwaka 2009, jeneza lilikwama kwenye kona. Tulimwombea uani, mvua inanyesha.

"Mwanangu, panua huo mlango," mama alimwambia.

"Mama, ukiugusa huo mlango umeua wazo zima."

"Wazo! Na baba yako je?"

Mama hakukanyaga tena humu hadi jana.

Aliugua ini mwaka jana, akafariki hospitalini tarehe 9 Juni mwaka huu. Aliacha usia mmoja tu: aombewe ndani ya kanisa lake. Hata hapo hakujiuliza atapitia wapi.

Sisi wadogo zake tulitaka aachwe uani, naye akione cha moto. Mama alikataa katakata. Jana asubuhi alisimama kwenye ile kona na mkongojo wake, akamwambia fundi, "Bomoa. Mwanangu hanyeshewi." Vumbi lililo kwenye viatu vyenu ni la ukuta huo.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, dada na mdogo wake wa kiume. Apumzike kwa amani, baada ya kuombewa humu ndani ambamo baba hakufika.