Shingo ya Mama Rébecca

Benchi letu liko Butembo, kwenye kona iliyo chini ya hospitali. Hapo tunakunywa kahawa ya tangawizi ya Mama Rébecca na kuiendesha nchi mpaka thermos iishe. Yupo Henri, tunayemwita Bistouri, kisu cha upasuaji, kwa sababu hachoki kufunua tumbo aonyeshe kovu. Yupo Muyisa, au Klaxon, yaani honi, motard mwenye kelele kuliko pikipiki yake, ambayo leo iko kwa fundi. Yupo Jean-de-Dieu, Sénateur, ambaye hajachaguliwa na mtu yeyote, hata nyumbani kwake. Na mimi nipo, na kovu langu ambalo silionyeshi. Makovu yetu yote ni kazi ya mtu mmoja, Docteur Phinées, ambaye sasa ni député, mbunge, kule Kinshasa. Leo anarudi likizo. Motards wamekwenda Beni kumpokea na matawi ya miti, na Mama Rébecca amekuja bila kile kitambaa anachofunga kila siku kuficha goitre, ule uvimbe wa shingo yake.

— Leo njo leo, akasema. Nitamwambia: Docteur, shingo yangu inakungojea. Nikilala, napumua sawa mutu mwenye kupanda mulima.

— Mama, si kuko docteur Abigaïl? nikamuuliza. Banasema anapasuaka muzuri.

— Abigaïl hapana mubaya. Mais Phinées njo alinipa siku ya kunipasua. Miye nitalala kwa table ya mutu mwingine namna gani?

Nikanywa kahawa yangu. Mama yule ukimkazania anakunyima kahawa.

— Mais kule Kinshasa mbona haongeake? akauliza Bistouri. Kwa televizyo anakaa tu, kimya.

— Ni kuzoea bloc, kule banapasulia batu, akasema Klaxon. Kwa bloc, munganga hapana ongeaka mingi. Anasema «mukasi», banamupa mukasi. Sasa pale Palais, kwa bunge, anangojea mutu amupe mukasi.

— Hapana vile! Sénateur akasimama. Phinées anapasuaka kule, mais kwa siri. Ba ministres bote biko na mawe kwa nyongo. Njo juu ya ile ba lois, ile sheria zao, zinachelewa. Nusu ya gouvernement iko na bandage!

— Nyinyi hamujue kitu, akasema Bistouri. Siku ya kuapa, banainuaka mukono ya kuume. Phinées aliinua yake. Ile mukono haikushuka, naambia nyinyi! Iko kule juu mpaka leo. Ile anatuletea ku vacances ni mukono ingine.

Tulicheka, kisha kicheko kikatuishia. Tumemkosa mtu yule, basi. Zamani akitoka bloc alikuwa anateremka hapa na buti zake nyeupe, anakunywa kahawa amesimama, na mbele ya wapita njia wote anamuuliza Bistouri kama amekojoa vizuri. Nani anatuuliza hivyo sasa? Natamani hata ile aibu.

Msichana mmoja aliyekuwa ametua kapu lake la mboga za poireaux ili apumzike alikuwa anatusikiliza. Alisema anaitwa Ornella, ametoka Kipese kuja sokoni.

— Na nani alimutuma kule Kinshasa? akauliza.

— Ni sisi, nikasema. Tulienda kwake na mbuzi, tukamuomba asimame kwa uchaguzi. Akakataa. Akasema, miye niko na bagonjwa yangu, muniache.

— Mama Rébecca njo alimushinda, akasema Klaxon.

Mama Rébecca alikuwa anapangusa vikombe.

— Nilimwambia, Docteur, huku unatengenezaka mutu moja moja. Kule utatutengeneza sisi bote. Akainama chini, akakubali. Siku yangu ya kupasuliwa ilipofika, yeye alikuwa Oicha, anafanya campagne. Nilicheza, nikaimba jina yake njiani. Nilikuwa na furaha, vraiment.

Honi zikasikika kutoka upande wa juu. Motards walikuja wengi, matawi yanapepea, na nyuma yao jeep nyeusi. Kwenye kona yetu kuna shimo kubwa lenye maji, na hata jeep ya député lazima isimame pale itafute pa kupita. Kioo kikashuka. Alikuwa yeye, amenenepa kidogo, na mvi.

— Honorable! Courant! Umeme! akapiga kelele Klaxon.

— Honorable, na bei ya bensini! akafuata Sénateur.

Bistouri alikuwa ameshafunua tumbo.

Yeye hakututazama sisi. Alikuwa anaitazama shingo ya Mama Rébecca. Akatoa mkono dirishani, akaweka vidole viwili kwenye uvimbe, taratibu, na uso wake ukawa ule wa zamani.

— Meza mate, Mama.

Mama Rébecca akameza.

— Sema, Mama. Iko nini?

Akafungua kinywa. Watu walikuwa wamejaa pande zote, wanamsubiri aseme neno la wote.

— Honorable, ni barabara! Mama akalia kwa nguvu. Tunakufa na barabara!

— Ndiyo! watu wakaitika. Barabara!

Mkono ukarudi ndani.

— Nimesikia, Mama, akasema Honorable. Nitalipeleka neno hilo bungeni.

Dereva akapata njia pembeni ya shimo. Jeep ikapita, motards wakapita, matope yakaturukia mpaka magotini. Tulibaki tukitazama barabara mpaka honi zikafifia.

Ornella ndiye aliyesema wa kwanza.

— Mama, si ulikuwa umwambie shingo? Juu ya nini ulisema barabara?

Mama Rébecca akachukua thermos, akaitikisa, akamimina kahawa iliyobaki katika kikombe, akampa msichana.

— Kunywa, mutoto yangu, akasema. Itapoa.