Papa Ephraim Persaud wa Guyana, Mutu Mwenye Wote Walitaka Kuzika

Naapa mbele ya Mungu, mbele ya sanduku hii, na mbele ya mama yangu mwenye iko Uvira, kwetu Kongo, na hajawahi kuzaa muongo, kila neno mutasikia hapa leo ni ya kweli, kweli mpaka kwa mufupa, na mwenye atakuta ndani uongo hata mudogo kama punje ya mutama, asimame hapa hapa anikate ulimi na kisu ya kuchinja mbuzi, sitakimbia. Mimi ni Apollinaire, kaka ya mujane, familia imenichagua nisome juu ya sauti yangu, inafika mpaka Point kule bandarini bila mikro.

Marehemu Ephraim Persaud alizaliwa tarehe 11 mwezi wa tano 1958, kwa muji wa New Amsterdam, Berbice, inchi ya Guyana, mutoto wa pili kwa watoto wawili, mukubwa wake ni dada Rhoda mwenye angali muzima kule. Guyana haiko Ghana. Waghana wa hapa Durban walimualika kwa mikutano yao miaka mingi, na yeye alikuwa anaenda tu, anakula, anacheza, anarudi nyumbani. Guyana iko Amerika ya kusini, inchi ya mito, kule bahari iko juu na watu iko chini, walijenga ukuta kuzuia maji, na nyumba zinasimama kwa miguu ya miti kama ndege korongo, marehemu mwenyewe alituambia asubuhi walikuwa wanafungua dirisha wanasalimiana na samaki, na samaki wanaitika.

Baba yake alikuwa Muhindi, wa wale mababu walipelekwa kukata miwa, mama yake alikuwa Mweusi, wa wale walitolewa kwetu huku na minyororo, na mimi naamini babu ya mama yake alikuwa jirani ya babu yangu, mutu asibishe, muangalie masikio ya marehemu na yangu. Mutu wa Guyana, hata umuamushe kwa usingizi, atakuhesabia makabila sita ya kwao, Wahindi, Weusi, wenyeji wa pori, Wachina, Wareno na Wazungu, atakuambia Noeli ni konji, siku ya kupumzika, Idi ni konji, na siku Wahindi wanapakana rangi ni konji vilevile, wote wanakulia kwa wote. Hiyo ndiyo alikuwa anajisifia. Lakini iko na ingine alikuwa haisemi kwa watu, alimuambia dada yangu Mireille peke yake, kwamba mwaka wa 1964 watu hao hao walichomeana nyumba, Muhindi na Mweusi, na mutoto kama yeye, mwenye damu mbili, alilala chini ya kitanda bila kujua amukimbie nani. Na tarehe 23 mwezi wa tisa 1971, baba yake alipokufa, baba zake wadogo wakachukua maiti wakaenda kuichoma kwa desturi yao, wakafunga mulango, ndugu za mama wakasema na sisi hatuna haja, na mama akabaki kusimama ngambo ya mufereji na watoto wake wawili, anaangalia moshi ya bwana yake kwa mbali. Ephraim alikuwa na miaka kumi na tatu.

Masomo alisoma pale pale New Amsterdam, akaacha mwaka wa 1973, na mwaka wa 1979 akaingia kwa meli ya mizigo kama mupishi. Alizunguka dunia mara kumi na tisa. Mabaharia walikuwa wanakataa kupanda meli mpaka waulize kwanza kama Ephraim ndiye anapika. Tarehe 2 mwezi wa tatu 1997 alifika hapa Durban na ugonjwa ya tumbo, wakamushusha, wakamupasua, na alipotoka hospitali akakuta bahari iko tupu, meli ilikuwa imeenda. Akavuka robot, zile taa za barabara, akaingia kwa mugahawa ya kwanza aliona kule Point, akasema jina lake, na tajiri wa pale, Muhindi, kusikia Persaud, akamupa jiko siku ile ile, kisha akaangalia nywele vizuri akashituka, lakini muchuzi ulikuwa umeisha kuiva, na wateja walikuwa wanalamba sahani. Alifanya kazi pale miaka ishirini na mbili.

Karatasi za hapa munazijua, zinauliza wewe ni Mweusi, Muhindi, Muzungu ao Coloured, wale machotara wa hapa. Yeye hakuchagua hata siku moja. Mama moja kwa ofisi alimukasirikia mbele ya watu wote, "Papa, chagua moja, watu wako kwa mustari," na yeye akamujibu polepole, "Mama, nikichagua moja, nitakuwa nimezika muzazi moja mara mbili." Yule mama akagonga muhuri, mimi nilikuwa pale, hata walinzi walilia.

Ndoa yake ilianzia kwa matanga, na ilianza na kosa. Mwaka wa 2003 kaka yetu Doudou alikufa, sisi wote tumekaa chini, tunalia kwa adabu, mutu huyu, rafiki ya Doudou, akaingia na sanduku ya domino na chupa, akamwanga tone chini kwanza, hiyo ilitupendeza, hata sisi tunafanya, lakini kisha akakaa kwa meza akaanza kupiga domino, pa! pa! pa! mpaka picha ya marehemu ikaanguka, na huku anaeleza namna Doudou alikimbizwa na bata kule Glenwood. Mama Julienne, jirani yetu, akasimama mikono kiunoni, "Weye papa, umekuja kwa matanga ao kwa bar?" Akajibu, "Mama, kwetu maiti tukimukalia kimya anaona aibu, anafikiri amekosea watu." Mimi nilikuwa nimeisha kuinua kiti nimuvunjie kichwa, na wote munajua nguvu yangu, ndipo nikasikia mutu anacheka, ni Mireille, alikuwa hajakula wala kusema tangu tupokee habari, anacheka juu ya bata. Nikashusha kiti. Tarehe 14 mwezi wa nane 2004 walifunga ndoa kwa kanisa yetu hapa Albert Park, Pasta Blaise alikuwa amemubatiza wiki ile ile, na tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 2006 Mungu akawapa mutoto wao moja, Inès, mwenye iko mbele yenu.

Kwa jengo yetu alikuwa mutu wa kupachika watu majina, anasema kwao mutu bila jina ya utani ni kama hajafika bado duniani, aliniita mimi Redio, sijui sababu. Lakini zaidi mulimujua kwa chungu yake. Noeli yake ya kwanza na sisi alinunua mihogo ile michungu, akaikwangua, akaikamua, na badala ya kumwanga ile maji, akaitia kwa moto. Mama Julienne akapiga kelele ngazi zote kumi na nne, "Anatuua! Muguyana anapika sumu!" Yeye alichemusha tu, alichemusha mpaka maji ikageuka mweusi kama lami na tamu, akatia nyama, pilipili, mudalasini, na alfajiri ya Noeli akaacha mulango wazi. Ile chungu haiingiaki kwa friji, unaichemusha kila asubuhi, unaongeza nyama, haiozi, na kwa nyumba ya shemeji yangu ilipita miaka bila kuzima, iko watoto walianza chekechea na hiyo nyama na wakaoa wakingali wanaikula. Aliyeanza kuomba ya kubeba nyumbani ni Mama Julienne.

Watu wawili tu walimushinda kuwaketisha kwa meza moja. Wa kwanza ni Uncle Sewpersadh wa Chatsworth, muzee wa hekalu, muteja wake wa zamani kule Point, majina yao zinafanana kama watoto wa mama moja. Wa pili ni Gogo MaCele, jirani wa mulango kwa mulango, Muzulu, kwao Gogo ni bibi, alimuita marehemu mutoto wangu. Tangu ile mwezi wa saba 2021, wakati wa ile fujo, Weusi na Wahindi wa hapa walifungiana barabara na kuogopana, Gogo alisema hataki tena Muhindi kwa ngazi yake, na Uncle alisema yeye hana shida, atakuja siku yule mama haiko. Noeli nne marehemu aliwaita wote wawili, Noeli nne alimupakulia moja saa sita na mwingine saa kumi. Mireille anasema kila mara, wakiisha kuenda, alikuwa anaosha zile sahani mbili yeye mwenyewe.

Ugonjwa wa sukari ulimushika mwaka wa 2016, mwaka jana ukafika kwa figo. Mwezi uliopita, kwa hospitali, alishika mukono wa dada yangu akamuambia, "Mireille, nikifa watakuja. Usiwaache wanikate vipande kama baba yangu. Mutu asisimame ngambo." Mireille akaitika ndiyo, bila kujua atafanya namna gani. Tarehe 29 mwezi wa tano 2025, siku ya Alhamisi, akakata roho, na kweli walikuja, wote siku moja, saa moja, kwa sebule moja.

Uncle Sewpersadh alisema, "Mama Mireille, huyu ni Persaud, huyu ni wetu, tutamuchoma vizuri na maua." Gogo MaCele hakumuangalia hata, akasema na dirisha, "Mutoto wa mama mweusi hachomwi kama majani ya uwanja. Mimi nitaenda hospitali na tawi la umphafa, ule muti wa kwetu wa kubeba roho, kurudisha roho yake nyumbani." Pasta Blaise akafunga Biblia, "Niliyemubatiza ni mimi. Kama iko matawi na maua ya sanamu, kanisa inatoka." Mireille akaona mufereji unachimbwa katikati ya sebule yake. Akaingia jikoni akamupigia simu dada Rhoda kule Berbice, akamuuliza, "Dada, huyu mutu ni wa nani?" Rhoda akalia kwanza, akalia sana, kisha akasema, "Pika. Mutu mwenye mudomo umejaa hagombani. Kisha usimuambie mutu ndiyo mbele ya mwingine."

Mireille akapika chungu moja, wali, kunde, nazi na kuku pamoja, namna marehemu alimufundisha. Wakakula wote, hata Gogo aliongeza. Na mwisho akatangaza kwamba mazishi itakuwa ya kanisa, leo Jumamosi tarehe 7 mwezi wa sita, kwa udongo. Pasta akashukuru. Wale wengine wawili wakatoka bila kuaga, na dada yangu hakulala.

Familia inashukuru madaktari na wauguzi waliopigana na ile figo, inashukuru wafanyakazi wenzake wa kule Point waliofunga jiko leo, majirani wa jengo yetu waliobeba viti kutoka ngorofa zote, Waghana waliotuma maua, na kwaya. Inashukuru sana Pasta Blaise, mwenye sasa hivi tumemuomba atoke kidogo aangalie kama bus imefika.

Bon. Ameenda? Mufunge ule mulango.

Wenyewe munaona pale mbele, Uncle Sewpersadh na Gogo MaCele wamekaa kiti kwa kiti, hawasikii Kiswahili, wanafikiri ningali nashukuru madaktari, muitikishe vichwa kidogo, sharp, vizuri hivyo. Kwa nini wamekaa vile? Jumatatu Mireille alimupeleka Uncle kwa morgue peke yake, akamuacha aweke jani lake takatifu na maji ya mutoni kwa kinywa cha marehemu, akasoma maombi yake yote, akatoka anafuta macho. Jumanne akamupeleka Gogo peke yake na tawi lake, Gogo akaongea na roho ya marehemu ndani ya lile tawi njia yote kwa taxi, akamulipia na kiti chake, akamurudisha nyumbani, na kipande cha lile tawi iko sasa kwa mufuko wa koti ya marehemu, upande wa kushoto. Juzi Mireille mwenyewe akamupaka rum, pombe ya kwao Guyana, mikononi, kwa niaba ya Rhoda. Na Pasta anamuzika kwa jina la Yesu. Hakuna mwenye anajua ya mwenzake, kila moja anaamini kwa siri kwamba Ephraim ni wake, na juu ya kuamini ameshinda, anamuhurumia mwenzake aliyeshindwa. Asubuhi hii Uncle alisimama ili Gogo apite mbele. Gogo alimuona anakohoa, akafungua mukoba akamupa peremende, akamuambia, "Pole, muzee, ninajua inauma." Uncle akamujibu, "Pole wewe, mama."

Dada yangu aliona hivyo kwa macho yake, ndipo akaanza kulia vizuri.

Lala, shemeji, lala muzima, hakuna mutu iko ngambo. Na ninyi wote munaosikia Kiswahili, nawaomba na mikono miwili, hii maneno isitoke kwa ukumbi huu, si kwa kaburi, si kwa bus, si kwa simu ya Chatsworth, mutu asiirudilie. Mufungue mulango, Pasta anarudi.