Bibi Spika na Jengo Lililomngoja Mgeni Rasmi

Wewe uliyeketi hapo mbele, ungeweza kumzuia mzee asiingie chooni kwa sababu choo hicho hakijazinduliwa? Kama jibu ni hapana, utaelewa kwa nini wasifu huu hausomwi kwa sauti ya upole. Bibi yangu mwenyewe hakuwa na sauti hiyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne wa fundi bomba na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza sekondari mwaka 1967, kisha akasomea ukutubi. Mwalimu wake aliandika kwamba binti huyu ana akili nzuri ila hajui kunong'ona.

Hakujifunza kamwe. Aliajiriwa na maktaba ya jiji tarehe 1 Septemba 1969, na hadi alipostaafu mwaka 2008, kelele kubwa kuliko zote mle ndani ilikuwa yake, akiamrisha watu wanyamaze. Wasomaji walimwita Dada Spika, na mvi zilipoingia, Bibi Spika.

Kulikuwa na dereva wa basi aliyekuwa akiazima kitabu cha injini na kukirudisha kesho yake. Siku moja marehemu akamuuliza mbele ya watu wote, "Hivi kaka, wewe unasoma ukurasa gani?"

"Ule unaougonga muhuri, dada."

Walifunga ndoa tarehe 6 Aprili 1974, wakaishi pamoja mpaka Babu alipofariki mwaka 2011.

Jiji lilikuwa likikua. Nyumba za chini zilibomolewa, maghorofa yakapanda, na wazee wakawa wanafungiwa ghorofa ya nne tangu asubuhi mpaka watoto wao watoke kazini. Mwaka 2013 Bibi alianza kuwapigia hodi mmoja mmoja. Akawakusanya kila Jumanne na Ijumaa pale maktaba: kwanza viungo vinyooshwe, kisha gazeti lisomwe kwa zamu, kisha ubishi. Mwaka 2020 maktaba ilibomolewa kwa ahadi ya jengo jipya lenye vitabu, ukumbi wa mazoezi na chumba cha wazee.

Jengo lilikamilika Novemba 2023. Nitasema haki: ni zuri. Likatiwa kufuli, maana mgeni rasmi wa kulifungua hakuwa na nafasi. Mara ya kwanza alikuwa safarini. Mara ya pili alikuwa na mafua. Mara ya tatu hakuna hata aliyejisumbua kutunga sababu.

Wazee wakafanya mazoezi nje, kwenye kokoto za maegesho ya magari. Nilikuwapo siku Bibi alipomwomba mlinzi amfungulie choo tu mwenzao mwenye kisukari.

"Bibi yangu, mimi nimetumwa tu."

"Basi kawaambie waliokutuma, mkojo haungoji mgeni rasmi."

Mlinzi alicheka, lakini hakufungua. Yule mzee, mtu aliyewahi kuwa hakimu, akaenda kujificha nyuma ya ukuta. Vyoo vipya, vigae vinang'aa, na hakimu nyuma ya ukuta! Nalisema hili waziwazi, hata kama tuko msibani.

Ijumaa, tarehe 11 Aprili mwaka huu, Bibi aliteleza kwenye kokoto zile akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, lakini homa ya mapafu ikamkuta angali kitandani. Kila aliyemtembelea aliulizwa swali moja kabla hajavuta kiti: "Wameshafungua?" Alifariki Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, saa kumi na moja jioni.

Ameacha mabinti wawili, mwana mmoja, mdogo wake wa kike, wajukuu saba na kitukuu mmoja ambaye sauti yake tayari inatisha majirani. Bibi, lala kwa utulivu. Kelele tuachie sisi.

Ila kabla sijaketi, hili la mwisho: asubuhi iliyofuata kifo chake nilitumwa kuwaambia wazee ratiba ya mazishi. Niliwakuta maegeshoni wakimtazama fundi wa rangi aliyekuwa juu ya ngazi, akiandika jina la Bibi ukutani. Mwaka mmoja na nusu haukuwatosha wakubwa kugeuza ufunguo. Usiku mmoja uliwatosha kupata rangi. Afisa wa jiji alikuwa akiwaeleza wazee, kwa sauti ya rambirambi, kwamba ili kumuenzi marehemu ufunguzi utasogezwa mbele kidogo, mpaka jiwe lenye jina lake likamilike.

Shoga yake Bibi, muuguzi mstaafu aliyefanya naye mazoezi tangu mwanzo, akamkabidhi mwenzake mkoba.

"Fundi, shuka. Tunaiomba hiyo ngazi."

Akaiegemeza chini ya dirisha la pembeni, lililoachwa wazi ili jengo lipate hewa.

"Mama, hiyo ni mali ya umma!" afisa akamaka.

"Na umma ndio huu, baba, unapanda. Mlinzi, shika ngazi, nisije nikamfuata mwenzangu."

Mlinzi alimtazama afisa, akaitazama ngazi, akaishika.

Punde tukasikia komeo la mlango wa nyuma likivutwa kwa ndani. Muuguzi akatoa kichwa, akawakagua wenzake miguuni kwa ukali.

"Vueni viatu kwanza," akasema. "Sakafu mpya hii."