Kaingu, Deheni na Mkwaju wa Bondeni

Tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 1997, Bwana Kaingu wa Jefwa atarudisha msumeno wake stoo kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Idara yetu ya Bustani na Miti kwa miaka thelathini na mitano. Atakayeupokea ni mimi, Rispah wa stoo, na nitaukagua meno kama ninavyowakagulia wengine wote. Kustaafu si sababu ya kurudisha chombo kibovu.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu, wasemavyo wenzangu, hakuna mtu aliyegombana naye zaidi yangu. Sina la kubisha. Kwa miaka mingi Bwana Kaingu aliweka ndani ya stoo yangu pipa la kitu ambacho pua yangu haijakisamehe mpaka leo, na habari yake yote imo ndani ya pipa hilo.

Alizaliwa Kaloleni. Alipoingia kisiwani Mombasa akiwa kijana, kazi yake ya kwanza ilikuwa Bandari ya Kale, kwa mafundi wa majahazi. Kazi yenyewe ilikuwa kupaka deheni. Kwa wenzetu waliotoka bara kama mimi, deheni ni mchanganyiko wa shahamu ya ng'ombe na chokaa, unaopakwa tumboni mwa chombo ili maji yasiingie kwenye mbao. Kaingu aliipika, aliipaka, na alijua kwa kidole tu kama imekolea. Mwaka wa 1962 akaajiriwa na Idara kuwa mpanda miti, na ujuzi wake akaja nao.

Haukupita muda, lori la mbao likauparuza mkwaju mkubwa wa mtaa wa Bondeni, ule ulio mbele ya meza ya mahamri. Gome lilichubuka na tawi moja likabidi likatwe. Siku hizo kidonda cha mti kilipakwa lami, na lami ya hapa kwetu jua huipasua kabla ya mwezi kwisha. Kaingu akaenda Bandari ya Kale, akarudi na ndoo ya deheni. Hoja yake ilikuwa nyepesi: chombo huoza kwa kuingiwa na maji, na mti ni mbao vilevile, basi ziba maji yabaki nje. Hakuna aliyeona kasoro katika maneno hayo. Hapa ni kisiwani, na kila mmoja alikuwa amekwisha kuona chombo kikipakwa kikapona.

Kidonda kikawa cheupe, safi, kigumu. Mkwaju ukaendelea kutoa ukwaju. Jina la Kaingu nalo likapaa, na ningekuwa mwongo nikisema alilizuia lisipae. Alikuwa na maringo, na maringo yalimpendeza. Akaongeza mafuta ya papa kidogo kwenye mchanganyiko wake, akasema ndiyo siri ya kuulainisha. Wenye nyumba wa Mji wa Kale wakaanza kumwita nyuani kwao, ampakie mkomamanga uliovunjika, au asumini iliyokatwa vibaya na jirani. Kila mwaka kabla ya masika kuanza alizunguka na ndoo yake kupaka upya vidonda vyote vya zamani, mkwaju wa Bondeni kwanza. Bi. Mwanasiti, mwenye meza ya mahamri, alimwekea kahawa siku hiyo na hakupokea senti.

Nyuma yake walifuata paka. Mafuta ya papa yalikuwa yakiwaita kutoka kila kichochoro, na mara nyingi ukiona paka wanne wamesimama kwa miguu ya nyuma wakilamba mti, ulijua Kaingu amepita asubuhi. Siku moja alipaka mlangilangi uliokuwa mlangoni mwa nyumba ya harusi, bila kuuliza, na mabuibui ya wageni yakarudi nyumbani na chokaa. Aliomba radhi, akaongeza kwamba angalau mlangilangi umepona. Ndiye Kaingu huyo.

Mwaka wa 1993 tuliletewa semina. Mwalimu alikuwa Bi. Cynthia Mwikali, afisa wa misitu kutoka Machakos, kijana, mpole wa sauti. Alitwambia tuache kupaka vidonda vya miti kitu chochote, iwe lami, rangi au deheni. Mti, alisema, haurudishi nyama iliyokatwa kama mtu. Hujijengea ukuta kwa ndani, kisha hufunika kidonda kwa gome jipya kutoka ukingoni. Maji mengi ya mti yamo ndani yake wenyewe, na ukiuziba unaufungia unyevu humo humo. Kaingu akasimama akamuuliza kama huko Ukambani aliwahi kuona jahazi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Bi. Mwikali akafunga semina yake mapema.

Masika ya mwaka uliofuata, tawi kubwa kuliko yote la mkwaju wa Bondeni likaanguka. Lilivunjika pale pale kwenye kidonda cha kwanza cha Kaingu, likaiponda meza ya Joab, fundi wa viatu, ambaye kwa bahati alikuwa amekwenda kunywa chai. Kaingu alifika na panga, akaibandua deheni yake mwenyewe. Juu ilikuwa nyeupe na ngumu kama siku aliyoipaka. Chini yake mbao ilikuwa uji mweusi, na panga liliingia mpaka mpini.

Watu walimpa njia ya kutokea, tena nyingi. Majirani walisema ni mchwa. Wengine wakasema ni lile lori la zamani. Mkuu wetu, Bwana Dishon, anayempenda sana, alikuwa tayari kuandika kwamba mti umezeeka. Kaingu hakuchukua hata moja. Alizunguka kisiwa chote akikagua vidonda, na kwenye barabara ya kwenda Kilindini akaikuta miarobaini ambayo mwaka mmoja hakuipaka kwa kuwa chokaa ilikwisha. Malori yalikuwa yameichubua vibaya sana. Yote ilikuwa imejifunga yenyewe, gome limekutana, kavu, safi.

Kilichofuata ndicho ninachotaka vijana wa Idara hii wakikumbuke. Kaingu alikata pande la ile mbao iliyooza, akalifunga ndani ya gunia, akaenda Mwembe Tayari asubuhi akapanda basi la bara. Abiria walilalamikia harufu mpaka kondakta akalipandisha gunia juu ya keria. Aliteremka njia panda ya Machakos, akatafuta ofisi ya Bi. Mwikali, akaliweka pande lile mezani pake. Bi. Mwikali mwenyewe ndiye aliyetusimulia maneno ya Kaingu: "Ulisema kweli, nami nilikucheka mbele ya watu. Haya, sasa nifundishe." Kisha Kaingu akamwomba aje naye Mombasa ayarudie maneno yale yale katika ukumbi ule ule, na safari hii Kaingu aliketi safu ya mbele. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Lakini mkwaju ulikuwa bado hatarini. Amri ilikuwa imekwisha kutoka ukatwe, na kwa haki, kwa sababu mti unaoangusha matawi juu ya meza za watu hauwezi kuachwa. Kaingu akamwendea Bwana Dishon akaomba muda. Alisema atausafisha ule uozo, atakata kingo vizuri, atapunguza uzito wa upande ule, kisha kidonda atakiacha wazi. Kama siku ya kustaafu kwake mti hautakuwa umeanza kujifunga, ataukata yeye mwenyewe, kwa mkono wake na msumeno wake, na iwe ndiyo kazi yake ya mwisho. Bwana Dishon akakubali. Sote tulielewa kilichowekwa rehani. Mtu aliyejulikana kisiwa kizima kwa kuponya miti alikuwa amekubali kumaliza kazi yake kwa kuuangusha mti wake wa kwanza.

Bondeni hawakumwelewa. Wao walizoea kuona kidonda cheupe, na sasa waliona jeraha limeachwa hivi hivi. Uvumi ukazuka kwamba Kaingu amenunuliwa na mtu anayekitaka kiwanja. Bi. Mwanasiti alimwambia mbele ya wateja, "Mti umetufunika miaka yote hii, leo wauwata kidonda wazi kama usio na wenyewe?" Na kahawa akaikata. Joab, kwa huruma yake, akangoja Kaingu aondoke, akakipaka kidonda chote rangi nyeusi ya viatu, na kwa mazoea akakisugua kwa kitambaa mpaka kikang'aa. Kaingu alikikwangua taratibu kesho yake. Alituambia hajawahi kuona kidonda kilichovaa nadhifu namna ile, na huo ndio mzaha pekee niliousikia kwake mwaka mzima.

Maana mwaka ule wa 1995 haukuwa mwepesi. Kila asubuhi alipitia Bondeni kabla ya kuja kazini, na kila asubuhi tulimsoma usoni kwamba hakuna kitu. Kidonda kilikauka, kikawa cheusi, basi. Mchana alizunguka Mji wa Kale, nyumba kwa nyumba, akikwangua deheni yake kwenye mikomamanga na miasumini aliyoipaka kwa miaka mingi, na kila mlango alieleza upya kwamba alikosea. Wengine walimsikiliza. Wengine walimfungia mlango. Nilimuuliza kwa nini asitume vijana, akanijibu kwamba waliompokea walimpokea yeye, basi na habari hii waipate kwake. Nilimheshimu siku hiyo kuliko siku zote za maringo yake, na namwandikia hapa kwa sababu usoni sikuwahi kumwambia.

Pipa la deheni nalo likatoka stoo. Alilisukuma mwenyewe mpaka nje, na hakuliaga.

Baada ya vuli ya 1996, asubuhi moja alikuja ofisini amechelewa, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alitukusanya, Bwana Dishon pia, akatupeleka Bondeni kwa miguu. Ukingoni mwa kidonda gome jipya lilikuwa limetoka, la kijani kibichi, nene, limejikunja kwa ndani kuzunguka pande zote kama ukingo wa chapati iliyokunjwa. Bi. Mwanasiti alitoka mezani, akalipapasa kwa kiganja chote, akaliangalia tena. Kisha akarudi akamimina kahawa. Kaingu aliinywa amesimama, na machozi yalimtoka bila kujificha, na sisi tuliokuwa pale hatukuwa na wa kumcheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na yake.

Bado tulikuwa na wasiwasi. Kuanza kujifunga ni jambo moja, kusimama ni jingine, na mvua hizi za El Niño tulizopata tangu Oktoba hazikuwa na huruma na mti wowote. Wasomaji wanajua wenyewe kazi tuliyoifanya. Tumekata miti iliyolala barabarani, juu ya mapaa, juu ya magari. Miongoni mwake ilikuwemo baadhi ya ile iliyopakwa zamani ikaozea ndani, na Kaingu hakutuachia hata mmoja wa hiyo tuukate bila yeye. Kila upepo ulipotulia, swali lilikuwa moja, na hakuna aliyetaka kuliuliza. Asubuhi ya mvua kubwa kuliko zote, Joab alikuja mwenyewe mpaka ofisini, suruali imelowa magotini, amevaa kiatu kimoja na kingine amekishika mkononi. Alikuja kutuambia kwamba mkwaju umesimama, na kwamba meza yake iko salama chini yake.

Kwa upande wa mafanikio mengine, Bwana Kaingu amefundisha wapanda miti wote walioko Idarani leo. Ndiye aliyetuzoesha kukata tawi kwa kuanzia chini ili gome lisichunike, na kuuacha ule ukingo wa shingo ya tawi usiguswe, maana hapo ndipo gome jipya linapoanzia. Hajawahi kuanguka kutoka mtini. Amewahi kuanguka kutoka kwenye kiti changu cha stoo, akanilaumu mimi. Bi. Mwikali amekubali kuja kwenye sherehe, na ameomba akae karibu naye, ili, anavyosema, amalize ile semina yake.

Stoo yangu nimeisugua kwa sabuni mara nyingi. Siku za joto harufu ya deheni bado hutoka sakafuni, na paka wawili wa Mji wa Kale huja dirishani kuulizia. Zamani nilikuwa nikiwafukuza.

Bwana Kaingu, kwa niaba ya Bwana Dishon na wafanyakazi wote wa Idara, shukrani. Ahsante kwa vivuli tunavyopita chini yake bila kufikiri nani alivitunza, na ahsante zaidi kwa lile gunia ulilolipandisha basi. Rudi Kaloleni kwa amani, ukae na wako, upate afya na usingizi wa kutosha, na minazi yako ikuzalie. Kidonda cha mkwaju bado kina uwazi wa kiganja kimoja katikati, na hutakuwa kazini kitakapojifunga. Siku hiyo nitapanda gari nije nikwambie mwenyewe, na nakuomba uringe upendavyo.

Na tarehe 31, utakapouleta ule msumeno, nitaukagua jino baada ya jino, kama kawaida yangu. Wewe na mimi tunajua kitu ambacho sitakikuta humo: unga wa shina la mkwaju wa Bondeni.