Mjomba na Klachi Iliyoganda Miaka Kumi na Tisa

Tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa karakana yetu anavua ovaroli baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Sote, kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini, tunamwita Mjomba. Wasifu huu amepewa mtunza stoo auandike, naye anaomba radhi mapema: amechoka, Mjomba amechoka, na karakana nzima haijapata nafuu tangu wiki ile ya gari la kijani.

Alianza kwa kuosha vipuri, mikono ndani ya karai la mafuta ya taa kutwa nzima. Miaka mitano baadaye alikuwa fundi wa gia, kisha fundi mkuu. Amefundisha mafundi ishirini na sita, na tisa kati yao sasa wana karakana zao na hawapokei simu zake. Udhaifu wake ni chai. Huweka kikombe juu ya boneti ya gari la mteja, akakisahau, mteja akaondoka nacho. Vikombe vinne vya ofisi vimepotea namna hiyo, na stoo haijamsamehe.

Magoti yake yalistaafu kabla yake. Mwaka huu, akiingia chini ya gari, ilibidi watu wawili wamtoe, mmoja kila mguu, huku akilalamika kwamba tunamburuta kama gunia. Tulitaka amalizie siku zake akiwa amekaa. Ndipo alipokuja mama mmoja mjane, fundi cherehani, kuuliza kama kuna anayelikumbuka gari la kijani la marehemu mumewe.

Mjomba alilikumbuka kupita kiasi. Yeye ndiye aliyelihifadhi miaka kumi na tisa iliyopita, wiki mbili baada ya mazishi. Alitoa betri, akamwaga petroli, akaliinua juu ya matofali katika banda la nyumbani kwa mama na kulifunika turubai. Jambo moja akalisahau: kuibana pedali ya klachi chini kwa kipande cha ubao, ili sahani ya klachi isigandane na injini kwa kutu. Mafundi wote waliopita mikononi mwake wamefundishwa hilo siku ya kwanza, tena kwa ukali. Alikumbuka mwezi mmoja baadaye, akajiambia atapita Jumamosi. Jumamosi ile haikufika.

Sasa mama alikuwa anahamia kwa mwanawe, na mwanawe alikuwa amesema wazi: gari likitembea lenyewe, atalitafutia nafasi uani. Lisipotembea, wauza vyuma chakavu watalichukua Jumamosi. Meneja aliona kazi hiyo haina mwisho, akataka tuikatae. Mjomba, ambaye hajawahi kumbishia meneja, akabeba begi lake la vifaa akaondoka. Mtunza stoo akamfuata, kwa kuwa jeki ya stoo haitoki bila mtu wa kuirudisha.

Siku mbili ziliishia kwenye injini. Ikakohoa, ikawaka, ikatulia. Lakini ukikanyaga klachi hakuna kilichoachia, na gia zilisaga meno tu. Kushusha gia boksi kulihitaji mtu wa kulala chini siku nzima katika banda ambalo hata milango ya gari haikufunguka vizuri, kwa hiyo Mjomba akachagua njia ya zamani. Aliibana pedali chini kwa ubao, akaacha injini ipate moto, akaizima ipoe, akarudia. Jumatano haikuachia. Alhamisi haikuachia.

Ijumaa tuliinua magurudumu ya nyuma yakaelea, tukaweka stendi na vizuizi. Mjomba aliwasha gari likiwa gia ya tatu, magurudumu yakazunguka hewani, akakanyaga klachi na breki kwa pamoja. Injini ikazimika. Akarudia, ikazimika. Mara ya kumi na moja aliegemea usukani, akasema taratibu kwamba labda amechelewa mno. Tulikuwa hoi kiasi cha kukubaliana naye. Mara ya kumi na nne ukasikika mlio mmoja mkavu chini. Magurudumu yakasimama, injini ikaendelea kunguruma. Hakuna aliyeshangilia. Mjomba alijifuta uso kwa mkono mchafu, na si jasho tu alilolifuta.

Kisha akamwita mama, akamweleza habari ya ubao: kwamba klachi aliigandisha yeye, na kwamba aibu ndiyo iliyomzuia kurudi. Mama akasema kwamba miaka yote hiyo alidhani yeye ndiye aliyeliua gari la mumewe kwa kutoliwasha.

“Sogea,” mama akamwambia. “Naendesha mimi.”

Gia ya kwanza iliingia bila kelele. Mjomba alikaa kiti cha abiria, mahali ambapo hatujawahi kumwona, na kabla gari halijafika kona alikuwa amelala mdomo wazi. Mama alipunguza mwendo asimwamshe.

Mjomba, asante kwa mikono yako na kwa kila ulichotufundisha. Sisi tunaobaki tutajitahidi kukiri makosa yetu mapema kuliko ulivyokiri lako, maana tumeona ni nani aliyekubebea kosa lile kwa miaka kumi na tisa. Tunakutakia siku nyingi njema, nafuu ya magoti, na watu wa kukuendesha taratibu.