Kinaya Kilichotaka Kuifunga Maktaba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Mkuu wa Chuo, wahariri, walimu, ndugu wageni waalikwa, na wewe daktari wetu wa meno uliyekaa karibu na mlango kana kwamba unataka kutoroka: hamjambo?

Mimi ni mkutubi wa maktaba hii tulimokutana. Leo tunamuaga mhakiki wetu, anayestaafu kuandika makala gazetini. Mtu aliyetuzoesha kinaya, yaani kusema hili ili lieleweke lile.

Mnaujua utaratibu wake. Kila makala, kabla ya kwenda kwa mhariri, humpa mkewe, huyo daktari, naye huwasomea wagonjwa wakiwa kitini, midomo wazi. Mgonjwa akihangaika kutaka kucheka, makala inakwenda. Akitulia tuli, inarudi kuandikwa upya.

Sasa, mwaka ule halmashauri ilipofikiria kuifunga maktaba, daktari alikuwa likizo. Makala ikaenda bila kupimwa. Ilisema: "Ifungwe haraka! Watoto wanaosoma huuliza maswali, na maswali huchelewesha vikao. Tena wanaotaka kuifunga wote walisomea humo. Tunataka ushahidi gani mwingine kwamba kusoma hakusaidii?" Mimi nilicheka peke yangu hapo kaunta. Mheshimiwa, wewe uliisoma kikaoni kwa heshima zote, ukasema, "Hata mhakiki yuko upande wetu." Nikaanza kupakia vitabu kwenye maboksi huku nalia.

Mhakiki alinyong'onyea. Nikamsihi, "Kaka, si uandike wazi tu?" Akajibu, "Nikiieleza, nimeiua."

Mkewe aliporudi, aliomba nafasi mbele ya halmashauri, akasoma maneno yale yale, bila kugeuza hata nukta, kwa sauti ile anayowasomea wagonjwa. Diwani mmoja akaguna. Wa pili akaziba mdomo. Mheshimiwa, wewe ulicheka mpaka tukaliona lile jino aliloliziba daktari mwenyewe. Na maktaba ikabaki.

Tangu hapo najiuliza, na leo nawauliza ninyi wasomi: kinaya hukaa wapi hasa? Kwenye karatasi, au kwenye sikio? Imekuwaje makala moja itake kuufunga mlango, kisha hiyo hiyo iufungue? Wahakiki huliita jambo la namna hii kweli kinzani: mawili yanapingana, na yote ni kweli. Mimi jibu bado sijalipata, na wala sina haraka nalo.

Jana mhakiki alinionya, "Dada, usinisifu sana, watadhani unanisema." Haya, kaka, nitasema kavu kavu. Uliiandikia maktaba hii ukiwa hujui kama utaeleweka, ukaumia ulipoeleweka vibaya, na hukuacha kuandika. Chumba cha pili, nyuma ya ukuta huu, watoto wanasoma sasa hivi. Tunakupenda. Hapo hakuna kinaya, ndugu zangu; lichukueni lilivyo.

Asanteni kwa kunitegea sikio.